Shilingi 279,000 za michezo, siku tisa za jasho

Bado ninalo lile daftari la kaunta nililonunua mwaka wa kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nililinunua kwa ajili ya somo, likaishia kuwa la matumizi baada ya mama kuniuliza kwenye simu, kwa ule upole wake unaotisha kuliko ukali, pesa za Bodi ya Mikopo zinakwenda wapi. Ukurasa wa nne nimeandika juu "Michezo", na chini yake kuna mistari sita tu.

Jimu, ofa ya miezi mitatu: 150,000. Bodaboda kwenda na kurudi jimu: 27,000. Raba mpya, Kariakoo: 45,000. Jezi ya Yanga: 20,000. Chai ya kupunguza tumbo: 25,000. Uwanja wa Mkapa, kiingilio cha mzunguko, nauli na mahindi ya kuchoma: 12,000. Jumla, 279,000.

Enzi zetu pesa ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku. Inaingia kwa mkupuo wa siku 60, unasaini 510,000 kwa mara moja, na kwa wiki mbili unajiona tajiri. Ninyi mnaoanza chuo sasa mmeikuta 10,000. Kwa hesabu ya wakati ule, ukurasa wangu wa nne ulikuwa umemeza chakula cha karibu siku 33. Na kwa semista nzima nilitoka jasho siku 9. Idadi hiyo naijua kwa sababu jimu walikuwa wanagonga muhuri kwenye kadi kila ukiingia, na kadi yangu ilikuwa safi kama ya mtu aliyekwishafariki.

Wadogo zangu mnaosaini bumu la kwanza mwaka huu, yaani huo mkupuo wa Bodi, chukueni jimu na bodaboda peke yake, 177,000, mgawanye kwa siku 9. Kila siku niliyonyanyua chuma ilinigharimu 19,600 na ushee. Kuna matajiri Masaki hawalipi hivyo.

Kosa langu halikuwa kupenda mazoezi. Nililipia nia kabla sijawa na tabia. Jimu lenyewe lilikuwa upande wa Sinza, na wenye jimu, niamini, wanazijua tarehe za bumu kuliko wahadhiri wako. Wiki ya kusaini ndiyo wiki ya ofa. Unaingia na laki tano kwenye simu, unaoneshwa mashine za kukimbilia zinazotazama kioo, unaambiwa mwezi mmoja ni 70,000 lakini mitatu ni 150,000 tu, na unajiona mjinga kulipa mmoja. Kisha ratiba ya vipindi inatoka, unakuta Jumatatu na Jumatano una kipindi Yombo, kwenye madarasa ya hapo hapo chuoni, mpaka saa moja usiku, wiki ya sita majaribio yanaanza, na kwenye risiti, kwa herufi ndogo, imeandikwa pesa ikishalipwa hairudi.

Jimu lile lile walikuwa wanapokea pia mtu wa siku moja, kwa 4,000. Sikuuliza. Ningeuliza, siku zangu 9 zingenigharimu 36,000. Ili ofa ya 150,000 inilipe kuliko kulipa kwa siku, ilinibidi niende mara 38 ndani ya miezi mitatu, yaani karibu mara tatu kila wiki bila kukosa, wiki za majaribio zikiwemo. Basi lipa kwa siku mwezi mzima. Ukijikuta umekwenda mara tatu kila wiki, ofa hiyo umeistahili, kalipe. Ukikuta umekwenda mara nne kwa mwezi, umeokoa laki na zaidi, na hakuna aliyejua aibu yako.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za nguvu, na walau siku mbili za kuimarisha misuli. Ule mwongozo wao wa 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipande lazima kifike dakika 10 ndipo kihesabiwe. Kwa mtu anayeishi Mlimani hiyo ni habari njema sana. Chuo kimejengwa juu ya kilima. Kutoka hosteli kwenda Yombo, Yombo kwenda maktaba, maktaba kwenda Utawala, unapanda na kushuka siku nzima. Ukitembea kwa haraka, mwendo ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, dakika zako zinajijaza bila kutoa senti. Misuli ipe ngazi za hosteli na pushapu. Watazamaji wako watakuwa tumbili, na wao hawakucheki, wanaangalia kama umeacha mkate dirishani.

Ila msisahau kwamba mnaripoti Oktoba au Novemba, na joto la Dar linazidi kupanda kuelekea Februari. Anayeanza kukimbia saa kumi jioni mwezi wa kwanza ataacha ndani ya wiki, atasema yeye si mtu wa mazoezi, kumbe kosa ni la jua. Kimbieni alfajiri. Na wasichana, si peke yenu: watatu au wanne, simu hosteli au mfukoni, si mkononi.

Sasa viatu, maana hapa ndipo ningependa mtumie pesa.

Ile raba ya Kariakoo ya 45,000 ilikuwa mpya kwa sura. Wiki ya tano soli ilifunguka mbele, kiatu kikawa kinacheka. Mwaka wa pili dada mmoja wa timu yetu ya netiboli alinichukua Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tukaenda soko la mitumba la Karume, Ilala. Saa hizo ndipo belo zinafunguliwa. Wanaouza viatu mtandaoni ndio wa kwanza kuchagua, kwa hiyo ukifika saa nne unachagua makombo yao, na jioni utauziwa makombo hayo hayo kwa bei mara mbili, na picha nzuri juu.

Dada yule alikuwa hatazami rangi kabisa. Alichukua kiatu akakikunja. Kikikunjika pale vidole vinapokunjika, kinapita. Kikikunjika katikati kama chapati, anakirudisha bila maneno. Akakiweka juu ya meza na kukitazama kwa nyuma: kiatu kilicholala upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alishakimaliza, na kitakuvuta kifundo chako kifuate alipokuwa anakanyaga yeye. Halafu akabonyeza kwa dole gumba lile sponji lililo juu ya soli. Likibonyea na kurudi, liko hai. Likiwa gumu kama kandambili iliyosahauliwa juani, limekufa, hata kama soli haijalika hata kidogo, kwa sababu sponji huzeeka hata kiatu kikikaa kabatini. Mwisho akanusa. Mimi nilicheka. Aliniambia harufu kali ya gundi maana yake jana usiku mtu alikuwa anakifufua.

Kuhusu saizi, utashauriwa ununue viatu jioni kwa kuwa miguu huvimba mchana kutwa. Ushauri ni sahihi, ila jioni Karume hakuna kiatu cha maana. Nenda asubuhi na soksi nene, na uache nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Muuzaji alianza na 40,000, tukaondoka na 28,000. Raba zile zilinibeba mwaka wote wa pili na nusu ya wa tatu.

Lakini nilizifanyia dhuluma, na hapa nina gharama nyingine ya kuwasimulia. Zilikuwa raba za kukimbilia barabarani, kisigino kirefu, sponji nene. Netiboli haitaki kiatu hicho. Ukishadaka mpira huruhusiwi kutembea nao. Unatua, unasimama hapo hapo, unazunguka kwa mguu mmoja. Nguvu yote inakwenda kwenye kifundo, na kiatu kirefu kinapinduka. Niliruka, nikadaka vizuri, watu wakashangilia, nikatua, nikasikia "kwa!" Jioni ile wenzangu, kwa upendo mwingi, walinikanda na maji ya moto. Asubuhi mguu ulikuwa kama boga. Nikapelekwa kwa mchua mmoja mtaani, 10,000. Alinivuta mpaka nikamwita bibi yangu aliyekwishafariki. Siku ya tatu nikarudishwa, 10,000 tena.

Siku ya nne ndiyo nikakumbuka kwamba mwanzo wa mwaka nililipa 50,400 ya bima ya afya. Nilikuwa naiona kama ada nyingine tu ya kusumbua watu. Nikaenda kituo cha afya cha chuo na kadi, nikapigwa picha ya mguu, hakuna kilichovunjika, nikafungwa bandeji, nikaambiwa nipumzike, sikutoa senti. Elfu ishirini ya mchua nimeiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo shikeni hili: siku mbili za kwanza hakuna maji ya moto na hakuna kuchua. Nunua barafu za mfuko kwa mama wa kioski, zifunge kwenye kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, rudia mara kadhaa kwa siku, mguu uwe juu ya mto, na bandeji ya mpira isibane mpaka vidole vife ganzi. Ukishindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo na kuruka kwa maumivu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na ile bima mmeshailipia.

Kuna gharama moja ambayo kaka zetu hawaijui, na wasichana wengi huanza mazoezi na kuacha kwa sababu yake bila kusema. Sidiria ya michezo. Nilinunua mbili, 8,000 kila moja, na ziliniletea faida kuliko ile miezi mitatu ya jimu. Juu ya taiti utajifunga kanga ukitoka hosteli, basi na kanga nayo hesabu kama kifaa cha michezo: njiani ni stara, uwanjani ni mkeka wa kunyoosha viungo, ukimaliza ni taulo, na ukiteguka ni ya kufungia barafu.

Mwaka huo wa pili, ukiacha elfu ishirini ya mchua, ukurasa wa michezo ulisomeka hivi: raba 28,000, sidiria 16,000, mchango wa timu 10,000. Jumla 54,000, kwa semista, na nilikuwa uwanjani siku tatu au nne kila wiki. Haikuwa kwamba nimekuwa mtu wa nidhamu ghafla. Saa kumi na moja jioni kulikuwa na wasichana sita wanaogonga mlango wangu na kusema tuko pungufu, mlinda goli hajaja. Jimu hawakuwahi kunigongea mlango. Kwa hiyo kabla hujaulizia bei ya kitu chochote, tafuta timu ya darasa, ya skuli yako, ya ukumbi unaolala, hata kama hujui kucheza. Timu za wasichana hasa hazikatai mtu, zinahangaika kufikisha wachezaji saba wa netiboli.

Mchango ule wa 10,000 ulikwenda kwenye mpira na vile vizibao vya herufi zinazoonesha nafasi ya kila mchezaji. Uliza mhazini ni nani, na uone daftari lake. Pesa za timu huyeyuka bila mwizi: leo maji, kesho nauli ya kwenda kucheza Chuo Kikuu Ardhi, keshokutwa soda za mgeni rasmi. Anayecheza vizuri akachukuliwa timu ya chuo kwenda mashindano ya TUSA, yale ya vyuo vikuu vya Tanzania, kwetu nauli na jezi zilikuwa juu ya chuo, kwa hiyo kipaji nacho ni akiba. Mimi sikufika huko.

Jihadharini na fulana. Kila bonanza lina fulana yake, 15,000, na jina la mdhamini mgongoni. Ukihudhuria mabonanza manne umenunua raba mbili na huna raba. Klabu za joging za mtaani zina tabia hiyo hiyo ya sare, ila hizo nazitetea. Mjomba wangu yuko kwenye moja kule Temeke. Wanakusanyika Jumamosi alfajiri, mchakamchaka na nyimbo zile zile za shule ya msingi, kisha supu. Alipofiwa na mkewe, waliofunga turubai na kubeba maji walikuwa wanajoging. Ada ya mwezi pale inanunua zaidi ya mazoezi. Ukipata moja karibu na unapopanga, kwa mfano Changanyikeni au Makongo, jiunge, ila sare nunua moja tu.

Na hizi "marathoni". Hapa kwetu kila mbio ni marathoni, hata ya kilometa 5, ingawa marathoni yenyewe ni kilometa 42.195 na haijali nani kaidhamini. Mdogo wangu wa mwisho, naye yuko mwaka wa kwanza, alinipigia Septemba 2025, siku mkimbiaji wetu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo kwa tofauti ndogo mno hata ikabidi itazamwe picha ya mstari wa mwisho. Alitaka kujisajili kwenye kila mbio ya mwaka ule. Nilimwambia chagua moja, tarehe yake iwe bado mbali, ujiandae kwayo miezi minne. Kilimanjaro Marathon inakimbiwa Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari hivi, inaanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na ina kilometa 42, 21 na 5. Ukiwa na rafiki anayesoma pale, umeokoa pesa ya gesti, ambayo kwa wiki ile inapaa kuliko kiingilio chenyewe. Mbio nyingine za Jumapili, kama unataka kukimbia tu, panda daladala alfajiri ukakimbie Daraja la Tanzanite na Coco Beach na watu kibao. Hutapata medali. Pesa utabaki nayo.

Mpaka hapa sijagusa mstari ambao kwenye daftari langu haupo, ila kwa wavulana wengi wa darasa letu ungekuwa wa kwanza na mrefu kuliko yote. Kubeti. Wenyewe walikuwa wanauhesabu ni michezo. Kaka mmoja wa darasani, mkali wa hesabu kuliko sisi sote, alikuwa anaweka mkeka, yaani tiketi moja ya kubashiri mechi 10 ambazo lazima zote zitimie, kila wikiendi, elfu mbili, elfu tatu, wiki ya bumu elfu hamsini. Nilimuuliza uhakika wake ni kiasi gani kwa kila mechi. Akasema, kwa mechi ninazochagua mimi, asilimia 70. Tukachukua kikokotoo: 0.7 kwa kila mechi, zote kumi ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe, inakupa chini ya asilimia 3. Yaani kwa uhakika wake mwenyewe, mikeka 97 katika 100 itachanika. Aliiangalia ile namba muda mrefu, akasema, "Lakini juzi ulibaki mchezo mmoja tu." Hicho ndicho kinachouzwa pale, kubaki mmoja tu. Mwezi wa nne wa semista alikuwa anakula kwetu, na tulimpa, maana ndugu wa chuo hanyimwi wali maharage.

Jezi sikatai, mtu na timu yake. Kwenda Mkapa mara moja kwa mwaka pia sikatai. Ziandikeni tu chini ya "starehe", msizifiche chini ya "michezo", ili mwisho wa semista ujue ulichotazama na ulichocheza.

Ile chai ya tumbo nayo niimalize. Nyingi zina majani ya senna, dawa ya kuharisha. Kilichopungua kwangu kilikuwa maji mwilini na vipindi viwili vya asubuhi. Vinywaji vya nguvu vya chupa ni sukari na kafeini, baada ya mazoezi kunywa maji, ukiwa na pesa dafu. Wavulana mtauziwa makopo ya unga wa protini kwa bei ya bumu la wiki mbili. Yai moja lina gramu kama 6 za protini, kikombe cha maharage yaliyopikwa karibu 15, na dagaa mnawajua. Changeni watu watatu mnunue trei.

Sasa mkisaini wiki ijayo, ile siku ya kwanza msinunue chochote chenye neno michezo. Tembeeni tu, mkaulize viwanja vya chuo vina nani saa ngapi, bwawa la kuogelea linafunguliwa siku zipi, timu gani ina upungufu wa watu. Wiki ya pili ndiyo mwende Karume. Na kijana wa jimu akikuita getini na kikaratasi cha miezi mitatu, mchangamkie, kwani naye yuko kazini, kisha muulize: "Ya siku moja mnauzaje?"